Fundi akivua bati la tabo, mwambie alirudishe!

Wale mnaosubiri nijibu maswali ya mawifi na mashemeji naomba mnivumilie kidogo, kwani leo nataka tuzungumzie kitu kimoja cha gari ambacho bei yake haifiki hata ya kuku mmoja wa kienyeji hapa Singida, lakini kikikosekana kinaweza kukuchomea gari zima.

Najua dada zangu wengine wameshaanza kufunua ukurasa wa mbele. Subiri kwanza! Hata kama huna gari, basi unalopanda kwenda Nzega lina tabo. Lori linalobeba alizeti yako lina tabo. Na yule shemeji aliyenunua Subaru ya mtumba, anayetutimulia vumbi kila Jumapili, naye ana tabo. Kwa hiyo jambo hili ni letu sote.

Kitu chenyewe ni bati. Namaanisha lile bati jembamba lililokunjwakunjwa, mara nyingi lina kutu, limeshikwa na bolti mbili tatu juu ya tabo na kwenye bomba la moshi. Mafundi wetu wengi hawalipendi kabisa. Bolti zake zimeshika kutu, ukizikaza au kuzilegeza zinakatika. Bati lenyewe likilegea linalia kama debe tupu. Basi fundi akiwa na kazi ya gasketi au ya manifodi analivua, analitupa pembeni, na kazi ikiisha gari linaondoka bila bati. Ukimuuliza anakujibu kwa kujiamini, "Hilo urembo tu mzee, gari inatembea bila hilo."

Ni kweli, inatembea. Swali ni moja tu: inatembea mpaka wapi?

JIKO LA MKAA KWENYE KORIDO

Kwa faida ya wale ambao neno tabo wanalisikia kwa konda tu, ngoja nieleze. Injini inavuta hewa, inaichanganya na mafuta, inaunguza, halafu moshi wa moto unatoka nje. Moshi ule una nguvu nyingi ambazo zamani zilikuwa zinapotea bure. Mwaka 1905 mhandisi mmoja wa Uswisi, Alfred Büchi, aliandikisha wazo lake la kuutumia moshi huohuo kuisukumia injini hewa zaidi. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua, na nguvu inaongezeka bila kuongeza ukubwa wa injini. Volvo waliingiza sokoni lori lao la Titan lenye tabo mwaka 1954, na leo ni shida kupata lori kubwa la dizeli lisilo nayo.

Sisi watu wa Singida upepo tunaujua, kwa hiyo hatuhitaji kuelezwa sana. Tabo ni feni mbili ndogo kwenye shafti moja. Moja inapulizwa na moshi, na kwa kuwa zimefungwa pamoja, ya pili nayo inazunguka na kuipulizia injini hewa. Mzunguko wake unaweza kupita mara 100,000 kwa dakika moja. Na kwa kuwa mji wetu uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, kama asilimia 85 tu ya ile ya Dar es Salaam. Ina maana tabo ikifika huku inabidi izunguke kwa kasi zaidi ili itoe nguvu ileile.

Sasa tuje kwenye moto. Moshi unaoingia kwenye tabo ya dizeli iliyobanwa mlimani unafika nyuzi 600 hadi 700 za Selsiasi. Injini ya petroli iliyokanyagwa hadi mwisho inaweza kukaribia nyuzi 1,000. Ukifungua boneti usiku baada ya mlima mrefu unaweza kukuta chuma cha tabo kimekuwa chekundu kama kaa la moto. Usishangae, kwani chuma kile kimetengenezwa kwa ajili hiyo.

Ambao hawakutengenezwa kwa ajili hiyo ni majirani zake.

Fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na korido moja. Mpangaji mmoja ameamua kupikia jiko la mkaa pale koridoni. Yeye na sufuria yake hawana wasiwasi. Anayeungua ni pazia la jirani, kandambili za mtoto wa chumba cha tatu, na waya wa umeme uliopita ukutani. Tabo ni mpangaji wa namna hiyo. Ndani ya boneti amezungukwa na mpira wa rejeta, waya zenye ganda la plastiki, betri, bomba za mafuta na wakati mwingine bomba za breki. Ganda la waya wa kawaida linavumilia nyuzi 70 hadi 105 tu. Mafuta ya breki aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu wa hewa kiwango kinashuka hadi kama 140. Yakichemka yanatoa mapovu, na pedeli ya breki yenye mapovu inazama kama mguu kwenye matope. Ukishamaliza kupanda mlima utateremka, na hapo ndipo unapoihitaji breki kuliko kitu kingine chochote.

Lile bati ndilo ukuta kati ya jiko na pazia.

SEKENKE NI UWANJA WA MBIO

Wenzetu wa Ulaya wana viwanja vya mbio ambako mtu analipeleka gari lake la kawaida kulikimbiza kwa raha zake. Huko ndiko wengi walikogundua ubaya wa joto la tabo. Gari linaloenda kazini na kurudi kwa miaka mitano bila tatizo, likikimbizwa uwanjani nusu saa tu linayeyusha mpira au waya. Sababu ni kwamba barabarani unatumia sehemu ndogo ya nguvu ya injini, lakini uwanjani unakanyaga mafuta mpaka mwisho dakika nyingi mfululizo.

Hata wakubwa wamepata shida. Renault walipoingiza gari la kwanza la tabo kwenye mashindano ya Formula One pale Silverstone, Uingereza, mwaka 1977, tabo iliharibika na gari likatoka mbioni. Gari hilo la rangi ya njano lilikuwa linatoa moshi mara kwa mara mpaka wakalibandika jina la birika la njano. Walivumilia, wakarekebisha, na mwaka 1979 wakashinda mbio zao za kwanza pale Dijon, Ufaransa, dereva akiwa Jean-Pierre Jabouille. Kwa jirani zetu Kenya, Toyota Celica za tabo zilishinda Safari Rally mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986, kwenye vumbi na joto tunalolijua wenyewe. Kwa hiyo tabo inaweza kuvumilia, ila inataka kutunzwa.

Utasema, "Sasa sisi Singida tuna uwanja gani wa mbio?" Tunao! Sisi uwanja wetu unaitwa Sekenke. Toka Shelui na lori lililoshiba mzigo, anza kuupanda mlima kuja Misigiri, halafu uniambie mguu wako uko wapi. Uko kwenye sakafu. Na upande wa pili wa mkoa kuna Saranda, pale unapoiacha Kintinku kuja Manyoni. Barabara hii ndiyo inayobeba mizigo mingi ya Rwanda na Burundi kutoka bandari ya Dar es Salaam, kwa hiyo mashindano yetu yapo usiku na mchana, ila hakuna anayegawa kombe.

Tena afadhali ya uwanjani. Gari la mbio linakwenda kilomita 150 kwa saa, upepo unaingia mbele na kufagia joto chini ya boneti. Lori mlimani liko gia ndogo, linatambaa kilomita 15 au 20 kwa saa. Moto ni uleule, upepo hakuna. Na siku upepo wetu ukivuma kutoka nyuma ya lori, ndiyo kabisa, hewa chini ya boneti inatulia tuli.

Kama unadhani natia chumvi, tafuta kile kitabu cha mwenye gari cha Toyota nyingi za dizeli zenye tabo, kile ambacho watu wanakitumia kufutia kioo. Kuna jedwali dogo linaloeleza uiache injini ingurume muda gani kabla ya kuzima. Safari za kawaida za mjini, hakuna haja. Mwendo mkubwa wa barabara kuu, sekunde kadhaa mpaka dakika moja. Halafu mstari wa mwisho: mlima mkali au uwanja wa mbio, kama dakika mbili. Umeona? Waliotengeneza gari wameweka mlima na uwanja wa mbio kwenye mstari mmoja.

ALICHOKIONA JIRANI YANGU

Nina jirani yangu mmoja hapa mjini, dereva wa Fuso, mtu mpole asiye na makuu. Fuso si yake peke yake. Amechanga na kaka yake, na nusu ya fedha ni mkopo ambao wanaulipa kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe. Mwaka ule walipeleka gari gereji, gasketi ya manifodi ikabadilishwa, bati la tabo likabaki chini ya benchi la fundi.

Wiki kadhaa zikapita kimya. Siku moja anapanda Sekenke na magunia ya mpunga, utingo wake kijana wa miaka kama kumi na tisa, harufu ya plastiki ikaanza kuingia ndani. Kijana akasema, "Bosi, kuna kitu kinaungua." Yeye akajibu, "Hiyo klachi, tumalizie kona hii." Kabla kona haijaisha dashibodi ikazimika, moshi mweusi ukatoka pembeni mwa kabati. Waya uliokuwa unapita jirani na tabo ulikuwa umevuliwa ganda na joto, ukagusa chuma, shoti ikapigwa.

Walisimama, wakaweka jiwe nyuma ya tairi. Kijana, kwa ushujaa wa umri ule, akaparamia kabati kwenda kunyofoa waya wa betri kwa mkono. Alifanikiwa, moto ukazimika kwa mchanga kabla haujafika kwenye mafuta. Lakini kiganja cha mkono wa kulia kiliungua vibaya, na kwa miezi miwili alikuwa analishwa na mama yake kama mtoto mchanga. Fuso ilikaa kando wiki tatu ikifungwa waya upya. Mkopo haukukaa kando.

Jirani alipokwenda kwa fundi alijibiwa kwamba waya ule ulikuwa mbovu tangu zamani. Inawezekana. Lakini waya mbovu mbali na moto ungeishi miaka mingine mitano. Mimi lililoniuma si waya. Liliniuma kwamba kila gari linapoharibika hivi, anayetumwa kuparamia ni utingo. Mwenye gari yuko nyumbani, dereva ameshika breki, kijana ndiye anayeingiza mkono.

Na jambo jingine ambalo wengi hawalijui mpaka yawakute: ile bima ndogo tunayokata ili trafiki asitusumbue ni ya kumlipa mtu mwingine uliyemdhuru. Gari lako mwenyewe likiungua, haikulipi hata shilingi.

BATI LINAFANYAJE KAZI?

Fanya jaribio hili jioni ya leo. Kaa karibu na jiko la mkaa lililokolea, muundi wako uelekee kwenye makaa. Utasikia unachomeka. Sasa chukua mfuniko wa sufuria uuweke katikati. Palepale joto linakatika! Hewa haijabadilika na jiko halijazimwa. Kilichokatika ni mionzi, yaani joto linalosafiri moja kwa moja kama mwanga wa jua. Bati linalong'aa huirudisha mionzi hiyo lilikotoka.

Mionzi hii ina tabia moja mbaya. Mwanasayansi Josef Stefan aliigundua mwaka 1879. Haiongezeki taratibu kadiri joto linavyopanda, bali inaruka. Chuma kikitoka nyuzi 400 kwenda 800 utadhani mionzi imekuwa mara mbili. Wapi! Imezidi mara sita. Ndiyo maana gari lisilo na bati linakwenda Majengo na kurudi bila tatizo, halafu likipanda mlima siku moja linafanya maajabu. Fundi aliyelijaribu kwa kulizungusha mjini hakukudanganya, ila alilijaribu kwenye nyuzi 400.

MWAMBIE FUNDI HAYA

Kwanza, bati lake lirudi. Kama limeoza, tafuta la mtumba kwa wauza spea au mpe fundi wa bodi akukatie. Lakini asikukatie bati la paa! Bati la paa limepakwa zinki, na zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420. Likiwa juu ya tabo mpako wake utaharibika na moshi wake si wa kuvuta. Aluminiamu nayo inayeyuka kwenye nyuzi 660, kwa hiyo vipande vya sufuria visigusane na tabo. Chuma cha kawaida au kile kisichoshika kutu ndicho kinachofaa.

Pili, bati lisilale juu ya tabo. Liwe na nafasi ya upana wa kidole hivi, hewa ipite. Bati lililogusana na chuma cha moto linakuwa nalo chuma cha moto. Ni kama kumwekea jirani ukuta kisha ukawasha jiko ukutani.

Tatu, kuna bandeji za kuzungushia bomba la moshi. Ni nzuri, madereva wa rali wanazitumia, lakini zina masharti. Usizungushie bomba wakati kuna oili inayovuja juu yake. Bandeji iliyolowa oili juu ya tabo ni utambi wa koroboi, inasubiri tu kuwashwa. Manifodi ya chuma cha kumwaga nayo ikifungwa kabisa inaweza kupasuka, kwa kuwa joto lake halina pa kutokea. Na fundi akikuletea kamba au kitambaa cha asbesto, mkatalie na yeye mwenyewe umuonee huruma. Vumbi la asbesto linaingia kwenye mapafu na kuleta saratani miaka mingi baadaye. Zipo bandeji za nyuzi za kioo zinazofanya kazi hiyohiyo.

Nne, hamisha majirani wanaohamishika. Waya isogezwe, ifungwe kwa klipu ya chuma, ivishwe soksi ya kuzuia joto. Klipu ya plastiki karibu na tabo haimalizi mwezi. Bomba la breki kama linapita upande huo, bati lake ndilo la kwanza kukaguliwa. Wenye Subaru za tabo, chungulieni ile raba ya jointi ya ekseli, ya ndani, upande wa kulia, maana bomba la moshi linapita hapohapo. Ikipasuka grisi inarukia bomba na utasikia harufu ya kuungua kila ukisimama kwenye taa.

Tano, oili inayovuja isivumiliwe. Dizeli na oili hazihitaji kiberiti, chuma cha moto kinatosha kuziwasha. Kwenye meli jambo hili halina mjadala. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, SOLAS, unataka kila chuma kinachopita nyuzi 220 ambacho kinaweza kurukiwa na mafuta kifunikwe sawasawa. Tabo yako inapita kiwango hicho hata kabla hujafika mlimani. Meli ina mabomba ya kuzimia moto na mabaharia waliofundishwa. Wewe una utingo na ndoo.

Sita, safisha rejeta na intakula. Huku kwetu wakati wa mavuno makapi ya alizeti, vumbi na panzi vinaziba matundu yote. Pulizia kutoka upande wa injini kwenda mbele, si kutoka mbele, kwa sababu ukianzia mbele unayashindilia ndani. Hewa inayoingia kwenye injini ikizidi joto kwa nyuzi 10, inapungua kwa kama asilimia 3. Dereva anafidia kwa kukanyaga zaidi, na tabo inazidi kuchemka.

DAKIKA MBILI ZA KUNGOJA

La mwisho halihitaji fundi wala senti tano. Ukimaliza mlima usizime gari papo hapo. Nimewaona madereva wengi wakifika juu wanapaki, wanazima, haraka haraka kwenye mishikaki. Injini ikizimwa, oili inasimama, maji yanasimama, feni inasimama. Joto lote lililokuwa kwenye chuma cha tabo halina pa kwenda, linahamia kwa majirani na kwenye beringi za tabo yenyewe. Oili iliyobaki mle ndani inakaangika mpaka inakuwa masizi magumu. Ukirudia hivyo kila safari, njia ya oili inaziba, na tabo inaanza kulia kama filimbi ya refa. Ikilia hivyo jiandae na fedha ndefu.

Madereva wa viwanjani wanalijua hili, ndiyo maana wakimaliza kukimbiza wanazunguka raundi moja polepole ili gari lipoe likiwa linatembea. Nasi tufanye hivyo. Ukivuka kilele, kilomita mbili tatu za mwisho kabla ya kupaki nenda taratibu bila kubana injini. Ukifika, iache ingurume dakika mbili huku ukihesabu risiti zako. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini kwa tabo wasiongoja ndio wanaoumia, tena mfukoni.

Na gari likichemsha, tafadhali sana, kijana asifungue mfuniko wa rejeta. Maji mle ndani yamefungiwa kwa presha, yamepita nyuzi 100 bila kuchemka. Mfuniko ukifunguka yanageuka mvuke na kumrukia usoni. Subirini nusu saa. Kama kuna moshi chini ya boneti, zima injini, teremsheni watu kwanza, na boneti isifunguliwe wazi kwa pupa maana hewa ikiingia moto unashangilia. Ifungue kidogo tu, upenyeze mtungi wa kuzimia moto. Mtungi uwe na dawa ndani, usiwe ule wa kumuonyesha trafiki.

Kesho asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua boneti ya gari lako au mwambie baba watoto afungue. Tafuta tabo. Kama juu yake kuna bati, litikise uone kama limeshika. Kama kuna matundu mawili ya bolti na hakuna bati, basi unajua uende kwa fundi gani na umuulize nini. Muulize kwa upole tu, kwani mafundi ni ndugu zetu, ila usiondoke mpaka amelifunga.

Haya mpenzi msomaji, nafasi imekwisha. Juma lijalo tukijaliwa tutarudi kwa mawifi na mashemeji, ambao joto lao halizuiliki kwa bati.